Mtoto Anayesusa Chakula: Mwongozo Kamili, Kuanzia Njaa Hadi Mchicha

Mtoto akifunga mdomo, mzazi hukimbilia kubadilisha chakula. Jana wali, leo tambi, kesho chipsi, keshokutwa unga mpya wa lishe wenye nafaka kumi. Mwezi ukiisha mtoto bado anasusa, na sasa ameshajua kwamba akikataa cha kwanza kitaletwa cha pili.

Kinachokosewa ni mpangilio. Njaa ya mtoto ndiyo ya kurekebishwa kwanza, kisha mahali anapokula, kisha kiasi anachopakuliwa. Mapishi ni ya mwisho. Hata mchicha wa nazi uliopikwa na bibi mwenyewe hauliki na mtoto aliyekwisha kunywa chai na maandazi mawili saa moja kabla.

Hatua zilizo hapa ni za mtoto wa mwaka 1 hadi 4, mzima wa afya, anayechagua chakula. Jipe wiki 6. Ukiruka hatua ya 2 kwenda moja kwa moja ya 7, utarudi ulikoanzia.

## Mambo mawili ya kujua kwanza

Hamu ya kula hupungua baada ya mwaka wa kwanza. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hufika kilo 9 hivi akitimiza mwaka. Mwaka wote wa pili huongeza kilo 2 au 2 na nusu tu. Haongezeki tena kwa kasi ile, kwa hiyo hali tena kwa kasi ile. Wazazi wengi huanza kumlazimisha hapa, wakati mtoto hana tatizo lolote.

Kuogopa chakula kigeni ni sehemu ya kukua. Huanza kuonekana kati ya miezi 18 na miaka 2, mtoto akiwa tayari anatembea na kuokota vitu. Aliyekuwa akila kila kitu akiwa na miezi 9 anaweza kukataa mboga zote za majani akiwa na miaka 2. Hajaharibika, wala hujamdekeza.

Kutokana na hayo, kazi mezani zinagawanywa hivi: mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi. Mtoto anaamua kama atakula, na atakula kiasi gani. Kila hatua inayofuata inatoka hapo.

## Vinavyohitajika

- Kadi ya kliniki ya mtoto.
- Daftari na kalamu.
- Bakuli au sahani yake mwenyewe, ndogo na nzito kidogo ili isipinduke.
- Kijiko kidogo chenye mpini mfupi, na kikombe cha kawaida kisicho na mfuniko wala chuchu.
- Kikombe cha kupimia cha mililita 250.
- Kiti chenye pa kukanyagia, au mkeka. Miguu ikining'inia mtoto hatulii.
- Plastiki au kanga kuukuu ya kutandika chini, maana chakula kitamwagika.
- Kinu na mchi, au blenda, pamoja na chekecheo laini.
- Vyakula viwili ambavyo mtoto tayari anavikubali, na kimoja tu kipya kwa kila awamu.

Ondoa nyumbani biskuti, krisps, soda, juisi za boksi na pipi. Kuzificha juu ya kabati hakutoshi, kwani mtoto wa miaka 2 anajua kabati ni ipi na anajua nani akibembelezwa huifungua.

## Kabla ya kuanza: hakikisha si mgonjwa

Mtazame mdomoni kwenye mwanga. Vidonda, utando mweupe usiofutika au ufizi uliovimba humfanya akatae chakula kwa maumivu. Magego ya kwanza huota karibu na miezi 13 hadi 19, na ya pili karibu na miezi 23 hadi 33. Siku hizo mpe vyakula laini na vya baridi kidogo, na usianzishe kitu kipya.

Uliza choo chake. Mtoto aliyefunga choo siku tatu tumbo limejaa. Njaa haiwezi kuja. Maji, papai lililoiva na maharage husaidia. Maziwa mengi huzidisha.

Angalia kadi: amepata dawa ya minyoo ndani ya miezi 6 iliyopita? Hutolewa kliniki kuanzia mwaka 1, sambamba na matone ya vitamini A yanayoanza miezi 6, na yote mawili huendelea kila baada ya miezi 6 hadi miaka 5.

Mwisho, tazama viganja vyake. Vikiwa vyeupe kuliko vya wenzake, au ukimkuta anakula udongo au mkaa, mpeleke akapimwe damu. Upungufu wa damu huondoa hamu ya kula, na mapishi hayautibu.

## Hatua ya 1: Andika siku 3 bila kubadilisha chochote

Kila kinachoingia mdomoni kiandikwe pamoja na saa: ndizi aliyopewa na jirani, funda la soda ya baba, kipande cha andazi alichomegewa jikoni.

Daftari la kawaida husomeka hivi: saa 12 na nusu asubuhi, maziwa kikombe. Saa 2, chai na andazi. Saa 4, uji wa sukari. Saa 5, biskuti. Saa 6, juisi. Saa 7 mchana, wali na maharage: "amekataa kabisa."

Mtoto huyo hakukataa chakula. Amekula mara tano tangu asubuhi, ameshiba.

Utajua umefaulu pale unapoweza kunyoosha kidole kwenye daftari na kusema ni kipi kinachoiba njaa yake. Mara nyingi ni kimoja kati ya vitatu: maziwa, chai, au vitu vya dukani.

## Hatua ya 2: Rudisha njaa kwa ratiba

Hii ndiyo hatua yenye kazi kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Panga milo 3 na asusa 2, kila kimoja kikiachana na kingine kwa saa 3 hivi:

- Saa 1 asubuhi: chakula cha asubuhi
- Saa 4: asusa
- Saa 7 mchana: chakula cha mchana
- Saa 10: asusa
- Saa 1 usiku: chakula cha usiku

Katikati ni maji tu. Asusa nayo iwe chakula chenyewe: parachichi nusu, yai la kuchemsha, kiazi lishe, mtindi usio na sukari, embe. Biskuti si asusa, hata kama pakiti imeandikwa "yenye vitamini".

Maziwa ya ng'ombe: yasizidi mililita 500 kwa siku, yaani vikombe viwili vya mililita 250, na yaje baada ya mlo. Yakizidi hapo hujaza tumbo. Maziwa yana madini chuma kidogo sana na huzuia mwili kuyachukua yale yaliyo kwenye chakula kingine, ndiyo maana mtoto anayeishi kwa maziwa anaweza kunenepa na bado akapungukiwa damu.

Chai: iache kabisa, ya rangi na ya maziwa. Majani ya chai yana tanini, nayo hushika madini chuma yaliyo kwenye maharage na mboga yasiingie mwilini. Tunajua kuiondoa chai ya asubuhi ni kazi kwenye nyumba ambayo kila mtu anainywa. Mpe mtoto maziwa au uji ndani ya kikombe kama cha wengine. Mara nyingi anachotaka ni kile kikombe.

Kunyonya: mtoto anayenyonya aendelee hadi miaka 2 na zaidi. Badilisha tu mpangilio, ale kwanza ndipo anyonye. Akinyonya kila nusu saa mchana kutwa, hatakaa mezani.

Juisi: hata ya matunda halisi isizidi mililita 120 kwa siku. Afadhali tunda lenyewe.

Onyo. Siku 3 za kwanza atalia kati ya mlo na mlo, na hapo ndipo nyumba nyingi zinapovunja ratiba. Mpe maji, mtoe nje, mshughulishe. Asusa haiko mbali zaidi ya saa 3. Kama una dada wa nyumbani, au bibi na shangazi wanakaa nanyi, kaeni chini mkubaliane kabla ya siku ya kwanza. Mmoja akimpa biskuti kwa huruma saa 6, mlo wa saa 7 umekufa, na utalaumiwa wewe na mchicha wako. Mweleze bibi kwa heshima zake, na umpe kazi: yeye ndiye awe mwenye asusa ya saa 10. Bibi aliyepewa zamu hulinda ratiba kuliko mtu yeyote.

Utajua umefaulu kati ya siku ya 4 na ya 7, pale mtoto anapokuja mwenyewe jikoni saa ya kula inapokaribia. Hiyo ndiyo njaa. Usiende hatua ya 3 kabla haijaja.

## Hatua ya 3: Mahali, sahani na watu

Mtoto ale pamoja na wengine, muda uleule, chakula kilekile. Mtoto hujifunza kula mchicha kwa kumwona kaka yake akiula. Akilishwa peke yake saa 12 jioni na wakubwa wakala saa 3 usiku, hana wa kumwiga.

Lakini akiwa kwenye sinia, apakuliwe yake pembeni. Kwenye sinia la pamoja wakubwa wana kasi, mboga huisha kabla hajafika, na huwezi kujua amekula nini.

Zima televisheni, weka simu mbali. Mtoto anayefunguliwa mdomo na katuni anameza bila kujua anachokula, na bila kuhisi kama ameshiba. Siku simu ikiisha chaji, hali.

Mlo uchukue dakika 20 hadi 30, asusa dakika 10 hadi 15. Muda ukifika ondoa sahani kwa upole, bila hotuba. Kumfuata mtoto uani na bakuli kwa saa nzima kunamfundisha kwamba chakula ni mchezo wa kukimbizana.

Onyo kubwa: usimlishe kwa nguvu. Kumlaza, kumbana pua ili afungue mdomo, au kummiminia uji kwa kiganja ni hatari. Mtoto anayelia anavuta hewa kwa nguvu, na uji unaweza kuingia kwenye mapafu. Wapo watoto wanaokufa hivyo. Hata anayeokoka hujifunza kuogopa kijiko, na woga huo hukaa muda mrefu kuliko njaa.

## Hatua ya 4: Pakua kidogo

Anza na kijiko 1 cha chakula kwa kila mwaka wa umri, kwa kila aina. Mtoto wa miaka 2: wali vijiko 2, maharage vijiko 2, mboga vijiko 2 au hata kimoja. Akimaliza, mwongeze.

Sahani iliyojaa inamchosha mtoto kabla hajaonja, na wewe inakuonyesha mabaki ambayo kwa kweli yalikuwa ya mtu mzima.

Kati ya mwaka 1 na 2, kiasi cha kukusudia kwa kila mlo ni robo tatu hadi kikombe kizima cha mililita 250. Usilipime hilo kwa mlo mmoja. Mtoto anaweza kula kikombe kizima asubuhi na vijiko vitatu usiku. Angalia wiki.

## Hatua ya 5: Chakula kipya, mara 8 hadi 15

Wazazi wengi hujaribu mboga mara tatu, kisha husema "huyu hapendi mchicha." Mara nyingi mtoto huhitaji kukutana na chakula mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali. Kwa hiyo chagua kimoja, kipike mara 3 kwa wiki, wiki 4. Hizo ni mara 12.

Weka kipande cha ukubwa wa punje ya harage, pembeni ya chakula anachokipenda. Kisha mwache. Atapita ngazi hizi, na kila moja ni hatua mbele:

1. Kinakaa kwenye sahani yake bila yeye kukitupa.
2. Anakigusa au kukiponda.
3. Anakinusa.
4. Anakilamba.
5. Anakitia mdomoni na kukitema.
6. Anakimeza.

Ngazi ya 5 ndiyo inayowakatisha tamaa wengi. Kutema si kushindwa, mtoto ameonja. Mwekee kibakuli cha kutemea, ajue akionja hatalazimishwa kumeza. Ataonja kwa ujasiri zaidi.

Usimuahidi pipi akimaliza mboga. Ukifanya hivyo umemwambia mboga ni adhabu na pipi ndiyo chakula. Usimpigie makofi pia kila akimeza. Sema tu kitu cha kweli kuhusu chakula: "Boga la leo tamu." "Hii inalia kru kru."

Utajua umefaulu mtoto akiacha kulia anapokiona. Kumeza kutafuata.

## Hatua ya 6: Mvushe kutoka anachokipenda

Njia hii ni kama daraja: unabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, na unarudi nyuma kidogo akikataa.

Kutoka chapati. Wiki ya 1, tumia vikombe 2 vya unga wa ngano na robo kikombe cha viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vilivyochemshwa na kupondwa. Wiki ya 2, nusu kikombe. Wiki ya 3, kikombe kizima. Viazi vina maji yake, kwa hiyo maji ya kukandia yatie kidogo kidogo. Wanaotia kipimo cha kila siku huishia na uji. Wiki ya 4, weka kipande cha kiazi chenyewe pembeni ya chapati.

Kutoka chipsi. Chipsi za viazi mviringo, kisha chipsi za viazi lishe, kisha viazi lishe vilivyokatwa vilevile na kuchemshwa, kisha boga lililokatwa vilevile. Umbo lilelile ndilo linalomvusha.

Kutoka mtori au ndizi za nyama. Hapa karoti, njegere na nyama ya kusaga huingia kirahisi kuliko popote.

Kusaga mboga ndani ya chakula kunaongeza lishe, lakini pekee hakumfundishi kula mboga. Lazima siku ileile aione pia kwa umbo lake. Na akikuuliza kuna nini, mwambie ukweli. Mtoto akigundua umemficha kitu kwenye chapati, utapoteza na chapati.

## Hatua ya 7: Vyakula vinavyosusiwa zaidi, na namna ya kuvipika

### Mchicha, matembele, sukuma wiki

Mtoto wa miaka 2 hukataa nyuzi kabla ya ladha. Jani refu linateleza kooni huku ncha moja iko mdomoni, naye anacheua.

Toa vijiti vyote. Osha kabla ya kukata, kisha katakata nyembamba, halafu geuza kibao ukate tena upande wa pili. Kaanga kitunguu na nyanya mpaka nyanya ipotee, tia mchicha, upike dakika 5 tu. Malizia na vijiko 2 vya tui zito au kijiko 1 cha karanga zilizosagwa. Mafuta ya nazi na karanga hupunguza ukali wa majani, na pia husaidia mwili kuchukua vitamini A.

Mnafu, ambao Kenya huitwa managu, ni mchungu zaidi. Chemsha, mwaga maji ya kwanza, kisha upike na maziwa kama wafanyavyo kaya nyingi za huko.

Kisamvu hakina njia ya mkato. Kibichi kina sumu, na kinapaswa kutwangwa na kuchemshwa mpaka kiive kabisa ndipo kitiwe nazi. Faida yake ni kwamba kikishatwangwa hakina nyuzi, na watoto wengi waliokataa mchicha hukikubali.

### Dagaa

Ni chakula cha bei ndogo chenye protini, chuma na kalisi, kwani huliwa na mifupa yake. Mtoto hukataa kwa sababu tatu: mchanga, uchungu na macho yanayomtazama.

Dagaa wa Mwanza, ambao Kenya ndio omena, wengi huanikwa juu ya mchanga. Toa vichwa na matumbo, maana uchungu uko humo. Osha kwa maji ya vuguvugu mara 3 au 4, kila mara ukiwanyanyua dagaa kwa mkono na kuacha maji chini. Ukimwaga vyote pamoja mchanga unarudi. Wakaushe juani. Wakaange bila mafuta, moto mdogo, mpaka wakatike kwa kidole. Twanga, chekecha, hifadhi kwenye chupa kavu yenye mfuniko.

Anza na robo kijiko cha chai ndani ya mchuzi wa nyanya au karanga, ukikamulia ndimu kukata harufu. Ongeza polepole mpaka kijiko 1 cha chai kwa mlo. Ukianza na kijiko kizima harufu itakusaliti na mtoto atakumbuka.

### Maharage, kunde, choroko

Tatizo ni maganda. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha mpaka yapondeke kwa vidole, kisha pitisha kwenye chujio. Choroko ni laini zaidi, anza nazo. Mlo huo uambatane na chungwa, pera au papai: vitamini C iliyomo husaidia mwili kuchukua chuma cha maharage.

### Nyama na maini

Mtoto hutafuna nyama dakika kumi kisha huitema ikiwa kavu, kwa sababu magego yake hayajatosha. Isagwe, au ichemshwe mpaka ichambuke, kisha ikatwe kukatiza nyuzi zake. Maini yakatwe vipande vidogo, yaive kabisa, na yasizidi mara moja kwa wiki. Yana vitamini A nyingi mno kwa mwili mdogo.

### Mayai

Yapikwe mpaka kiini kigande. Anayekataa la kuchemsha mara nyingi hukubali lililopondwa na parachichi, au lililokaangwa jembamba na kukatwa mistari.

## Uji na unga wa lishe

Uji mwepesi unajaza tumbo kwa maji. Upike uwe mzito kiasi cha kushikana na kijiko unapouinua. Kama mtoto hapendi uzito huo, usiongeze maji, tumia kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa na kuanikwa.

Loweka ulezi usiku mmoja, chuja, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku 2 mpaka uchipue. Anika, sugua vimizizi vitoke, saga. Pika uji mzito, uache upoe kidogo, koroga kijiko 1 cha chai cha unga wa kimea kwa kila kikombe. Ndani ya dakika chache utalegea bila tone la maji. Urudishe jikoni uchemke tena kabla ya kumpa.

Kuhusu unga wa lishe wenye mchanganyiko mrefu: tunaupinga waziwazi. Soya isiyopikwa inasumbua umeng'enyaji, karanga zikisagwa na nafaka zikakaa wiki kadhaa huchacha, na punje moja yenye ukungu huingiza sumukuvu kwenye unga wote. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Saga nafaka moja au mbili. Karanga, zilizochaguliwa punje kwa punje, zikaangwe na kusagwa kidogo kidogo, ziingie kwenye uji siku ya kupika.

## Vinavyoweza kumsakama

Kabla ya miaka 5 usimpe karanga nzima, korosho nzima, bisi, pipi ngumu wala vipande vya muwa. Zabibu zikatwe mara nne kwa urefu. Karoti mbichi ikwaruzwe au ichemshwe. Samaki apitishwe kwenye vidole vyako mara mbili kutafuta miiba. Mtoto ale akiwa ameketi, na mtu mzima amtazame.

## Yanapokwenda kombo

Anakula wali mtupu tu. Mpe wali kidogo, na mboga pembeni. Akimaliza wali wote na kuomba tena, mwongezee kidogo, mara ulizokusudia tangu mwanzo, na usimwambie "mpaka umalize mboga." Mlo wa pili wa siku usiwe na wali kabisa. Uwe viazi, ndizi au ugali.

Anaweka chakula shavuni saa nzima. Vijiko vimekuwa vikubwa, au vipande ni vigumu. Punguza vyote, mpe maji kidogo katikati.

Alianza vizuri, wiki ya 3 akarudi nyuma. Uliza kwanza: mafua, meno, safari, mgeni, mtoto mpya nyumbani? Akipona rudi hatua ya 2 kwa siku 3. Baada ya kuugua mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki 2, maana mwili unafidia.

Shuleni au kwa mlezi anakula, nyumbani hapana. Hiyo ni habari njema: mdomo na tumbo ni vizima. Nakili ratiba yao na umbo la chakula chao.

Anasusa mlo wa usiku tu. Amechoka. Uwahishe mlo hadi saa 12 na nusu jioni na uangalie asusa ya saa 10 isiwe nzito.

## Wakati wa kwenda kliniki bila kusubiri wiki 6

- Uzito haujaongezeka kwa mahudhurio mawili mfululizo, au umeshuka.
- Utepe wa kupima mkono unasoma chini ya sentimita 12.5. Chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali. Nenda siku hiyohiyo.
- Miguu yote miwili imevimba.
- Anakohoa, anapaliwa au anabadilika rangi karibu kila anapokula.
- Anakataa vyakula vyote vya ugumu fulani, kwa mfano kila kisicho cha maji, baada ya miezi 18.
- Ana vyakula visivyofika 10 anavyokubali na idadi inapungua.
- Homa, kuharisha au kutapika kunaambatana na kususa.

Nenda na kadi pamoja na daftari la hatua ya 1. Muuguzi akiona saa na vipimo vya siku 3, ataanzia pale ulipofika wewe, na hatakupa tena ushauri wa "mbadilishie chakula."